Kadeti Aandike Leo: Kumbukumbu na Ripoti za Mafunzo Melini

Miezi 12 au miezi 36. Kijana anayetaka kuwa ofisa wa meli za biashara anaweza kutumikia muda wa kwanza au wa pili, na mara nyingi kinachoamua ni kitabu kimoja. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia (STCW), uliopitishwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa mjini Manila mwaka 2010, unamruhusu kadeti wa sitaha aliye katika programu iliyoidhinishwa kuomba cheti cha ofisa wa zamu baada ya utumishi wa baharini usiopungua miezi 12. Sharti lake ni kwamba mafunzo yake ya melini yawe yameandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kilichoidhinishwa. Asiyepitia njia hiyo hudaiwa miezi 36. Upande wa injini hesabu inakaribiana: miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja kwa aliye katika programu, na miezi 36 kwa asiyekuwamo, ambapo 30 kati ya hiyo lazima iwe kazi ya chumba cha injini baharini.

Kwa kadeti wa Afrika Mashariki hesabu hiyo inauma zaidi. Vijana wanaomaliza masomo ya darasani katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) au Bandari Maritime Academy ya Mombasa wanajua ugumu wa kupata nafasi katika meli ya kimataifa. Wengine hungoja muda mrefu, familia ikiwa imekwisha kulipa ada, kozi za usalama, vipimo vya afya na pasipoti. Nafasi ikishapatikana, hakuna sababu ya kupoteza hata wiki moja ya utumishi kwa kuwa ukurasa haukujazwa au saini haikuombwa. Hasara hiyo inaepukika kabisa, na dawa yake inaanza siku kadeti anapopanda ngazi ya meli.

Kwanza aelewe kitabu hicho kinasomwa na nani. Melini yupo ofisa aliyepewa jukumu la mafunzo, ambaye hukagua kazi za kila wiki. Yupo nahodha, anayetarajiwa kukipitia mara kwa mara, na vitabu vingi vina ukurasa wa maoni yake ya kila mwezi. Nchi kavu kuna ofisa wa mafunzo wa kampuni na mwalimu wa chuo. Mwisho kabisa kuna mtahini wa mamlaka inayotoa vyeti: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au KMA kwa Kenya. Wengi wa wasomaji hawa hawakuwapo kazi ilipofanyika. Wanachokijua ni kile tu kilichoandikwa, kwa hiyo maandishi ya kadeti ni lazima yamwezeshe mtu wa mbali kuiona kazi yenyewe.

Mfano mzuri ni kutia nanga. Kadeti anayeandika haraka huweka mstari mmoja: "Nilishiriki kutia nanga." Mstari huo hausemi lolote. Haijulikani alisimama wapi, aligusa nini, wala kama alielewa kilichokuwa kikiendelea. Linganisha na haya: "Saa 1440 hadi 1525, saa za meli. Nanga ya kushoto, kina mita 28, chini matope. Nilikuwa omoni na chifu ofisa na bosani. Nanga ilishushwa kwa mashine hadi karibu na maji, kisha ikaachiwa kwa breki. Shakli 5 majini, sawa na mita 137.5. Nilikuwa nikiripoti kwa redio mnyororo unaelekea wapi na umekaza kiasi gani. Nilipandisha alama ya mpira mweusi. Baadaye briji nilichukua mielekeo ya vitu vitatu vya nchi kavu kila baada ya dakika 10, na meli haikuburura nanga." Ni mistari michache tu, lakini mtahini akiisoma anaweza kuuliza maswali kumi, na kadeti aliyeiandika atayajibu yote kwa sababu kazi yenyewe aliiona kwa macho yake.

Katika mistari ya namna hiyo, vitenzi vina kazi nzito. Kutazama, kusaidia na kufanya mwenyewe chini ya usimamizi ni mambo matatu tofauti. Kazi nyingi katika kitabu cha mafunzo hudai ile ya tatu. Kadeti anayeandika "nilifanya" wakati alikuwa ametazama tu anajiwekea mtego, kwani mtahini atamwambia aeleze hatua moja baada ya nyingine, naye hatakuwa na la kusema. Aandike ukweli: "Nilitazama mara ya kwanza tarehe 3, nilisaidia tarehe 11, nilifanya mwenyewe mbele ya sekondi ofisa tarehe 19." Maendeleo yanayoonekana hivyo humpa msomaji imani kuliko ukurasa ambao kila kitu kilifanyika kikamilifu mara ya kwanza.

Kuhusu saa, Mswahili awe na uangalifu wa pekee. Nyumbani saa nne asubuhi ni saa nne. Melini ni 1000. Kadeti aliyechoka anaweza kunakili "saa 4" kwenye kijidaftari chake akiwa na maana ya saa nne ya asubuhi, na siku tatu baadaye akaihamishia kitabuni kama 0400. Hapo kumbukumbu yake itapingana na logi ya meli, na hakuna atakayejua kwamba kosa lilitokana na mazoea ya nyumbani. Tangu siku ya kwanza atumie tarakimu nne, na aonyeshe kama ni saa za meli au saa za UTC, maana meli inapokwenda mashariki au magharibi saa zake husogezwa.

Kijidaftari chenyewe kisikosekane. Kile kitabu kikubwa hakifai kubebwa sitahani wala chini kwenye injini. Kitalowa, kitapata grisi, au kitasahauliwa juu ya pampu. Mfukoni pawe na daftari dogo na kalamu ya wino, na jioni kabla ya kulala kadeti ahamishe yale ya siku hiyo. Hiyo ndiyo kanuni kubwa kuliko zote katika kazi hii: iandikwe siku ile ile. Baada ya wiki moja tarakimu huwa zimeshapotea, na anayejaza kwa kukumbuka huishia kubuni. Maandishi ya kwenye daftari dogo yanaweza kuwa ya Kiswahili kama ndiyo yanayomjia haraka. Yale ya kitabuni na ripoti yawe ya Kiingereza cha kazi, chenye sentensi fupi. Misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini iliyopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) mwaka 2001 ni msaada mkubwa kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha ya nyumbani kwao, kwa sababu inampa maneno ambayo ofisa wa Ufilipino, Ukraine au India atayaelewa bila kuuliza mara mbili.

Akikosea, apitishe mstari mmoja juu ya kosa, aandike sahihi pembeni, atie herufi za jina lake na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usikanyage kitabu hicho.

Kuomba saini ni kazi inayowashinda makadeti wengi wa pwani yetu, na sababu inaeleweka. Mtoto aliyelelewa kumwamkia mkubwa na kutomsumbua huona haya kumfuata chifu ofisa aliyetoka zamu akiwa amechoka. Basi huacha. Wiki zinapita, mkataba wa chifu unakwisha, anashuka bandarini, na kazi kumi na tano alizozishuhudia zinabaki bila saini. Ofisa mpya ana haki ya kukataa kutia saini jambo ambalo hakuliona. Njia ya adabu na yenye faida ni kupanga naye tangu mwanzo: kumwomba ateue siku moja ya wiki na nusu saa moja, kisha kufika na kurasa zilizokwisha kuandikwa, alama zikiwa zimewekwa mahali pa saini. Ofisa anaheshimu kadeti aliyejiandaa. Kadeti pia ajue tarehe ya kuondoka ya kila ofisa anayemfundisha. Na katika vitabu vyenye ukurasa wa majina, vyeo na mifano ya saini, aujaze mapema, kwani saini isiyo na mwenyewe huzua maswali ofisini.

Kuna kumbukumbu nyingine zinazoandikwa sambamba, nazo zinaweza kumuumbua asiyezifikiria. Kila baharia, kadeti akiwamo, hutunziwa rekodi ya saa za mapumziko. Kanuni zinadai angalau saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo 10 zisigawanywe zaidi ya vipande viwili, na kimoja kisipungue saa 6. Sasa fikiria kitabu cha mafunzo kinachosema kadeti alishika zamu ya 0000 hadi 0400 na ya 1200 hadi 1600, kisha akashiriki usafi wa matangi saa 0800 hadi 1200, wakati rekodi ya mapumziko inaonyesha alikuwa amelala. Mkaguzi yeyote ataona. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bahari Duniani, kilichoko Malmö nchini Sweden, uliotolewa mwaka 2020, ulieleza namna kurekebisha rekodi hizo kulivyokuwa mazoea katika meli. Kadeti asijifunze mazoea hayo. Akiona saa zake haziendani, amweleze ofisa wa mafunzo mapema na kwa heshima. Zamu zipangwe upya, wala kalamu isitumike kuficha.

Kuandika uongo katika kumbukumbu za meli kuna historia ya kusikitisha. Mwaka 2013 injinia aliyekuwa ameajiriwa karibuni katika meli ya abiria Caribbean Princess aliitaarifu mamlaka ya Uingereza kwamba maji ya ngama yenye mafuta yalikuwa yamemwagwa baharini kupitia bomba la siri. Wakubwa wa chumba cha injini waliamuru bomba lifunguliwe na kuondolewa, na waliokuwa chini yao waseme uongo. Daftari la mafuta la meli halikuonyesha kilichotendeka. Desemba 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali kukiri makosa saba ya jinai nchini Marekani na kulipa dola milioni 40, adhabu iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote hadi wakati huo kwa uchafuzi wa makusudi uliofanywa na meli. Aliyefichua yote alikuwa mtu mgeni melini, mwenye cheo cha chini, aliyeona kuwa maandishi na mabomba hayasemi lugha moja.

Kwa kadeti wa injini, mfumo huo huo wa maji ya ngama ni somo zuri mno la ripoti. Kanuni za MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi wa bahari unaotokana na meli, zinataka maji yanayotoka katika mtambo wa kutenganisha mafuta yasizidi sehemu 15 za mafuta kwa kila milioni. Ripoti nzuri haianzi na kunakili kitabu cha mtengenezaji. Inaanza na tochi na miguu. Kadeti ashuke, afuate bomba kwa mkono wake kutoka kwenye kisima cha ngama, kupitia chujio, pampu, mtambo wenyewe, kifaa cha kupimia mafuta, hadi vali ya njia tatu inayoamua kama maji yatoke nje au yarudi tangini. Achore mchoro wake mwenyewe, hata kama mkono wake si wa msanii. Kisha aulinganishe na mchoro rasmi wa meli, na palipo na tofauti amuulize sekondi injinia. Mara nyingi tofauti hiyo ndiyo sehemu bora ya ripoti yote: vali iliyoongezwa, njia iliyofungwa kwa bamba, kifaa kilichobadilishwa.

Baada ya mchoro aeleze kazi moja aliyoishuhudia, kwa tarehe na tarakimu: matangi yalikuwa na kiasi gani kabla na baada, mtambo uliendeshwa kwa muda gani, kifaa kilisoma ngapi, na ingizo la daftari la mafuta liliandikwaje. Katika daftari hilo kila kazi hutiwa saini na ofisa aliyeisimamia, na kila ukurasa uliojaa hutiwa saini na nahodha. Ni kielelezo kizuri cha maandishi ya kikazi: herufi ya msimbo, tarehe, kiasi, mahali, jina. Mwisho wa ripoti uwe na hatari zilizokuwapo na namna zilivyozuiwa, na swali moja au mawili ambayo kadeti bado hajapata jibu lake. Swali la kweli lina thamani kubwa kuliko aya ya hitimisho iliyojaa sifa.

Wa sitaha naye anazo mada zake, tena baadhi ziko mlangoni kwake. Meli inayoingia Dar es Salaam hupita njia nyembamba ambayo vivuko vya Kigamboni huikata mchana kutwa. Inayoingia Kilindini hukutana na vivuko vya Likoni. Ripoti ya kuingia bandarini na rubani, ikieleza nani alisimama wapi, amri za usukani zilirudiwaje, kivuko kilionekana umbali gani na rubani alifanya nini, hufundisha kuliko kurasa ishirini za nadharia. Au achukue safari ya kwenda kaskazini wakati wa kusi. Mkondo wa Somalia wakati huo hukimbia kaskazini kwa kasi inayoweza kupita maili 4 za baharini kwa saa. Kadeti aandike kila saa mwendo wa meli ndani ya maji na mwendo wake juu ya ardhi, achore grafu, aonyeshe tofauti, kisha aeleze ilimaanisha nini kwa mafuta na kwa saa ya kufika. Ripoti ya mpango wa safari nayo ina mifupa yake tayari katika azimio la IMO la mwaka 1999: kukusanya taarifa, kupanga, kutekeleza na kufuatilia.

Tarakimu peke yake hazitoshi. Aseme zilitoka wapi. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa imetoka njiani kwa takriban maili 17. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka muda mfupi baada ya kuondoka, kifaa kikaendelea kutoa nafasi za kukadiria, na maofisa zamu kwa zamu wakaziweka ramanini kwa zaidi ya siku nzima. Kumbukumbu zilikuwapo na zilikuwa safi. Zote zilitoka chanzo kimoja. Kwa hiyo kadeti anapoandika nafasi ya meli, pembeni aandike chanzo na kile alichokitumia kuihakiki: GPS na rada, rada na mwelekeo wa mnara, kina cha maji na ramani. Mtahini akikuta tabia hiyo katika kurasa za miezi sita ya zamu, ambayo ndiyo muda wa chini kabisa unaodaiwa wa kushika zamu ya briji chini ya usimamizi, atajua anaongea na mtu wa kuaminika usiku.

Lakini si kila kitu kinafaa kuwekwa kwenye ripoti. Mpango wa ulinzi wa meli ni siri kwa mujibu wa kanuni za ISPS, na hata sehemu yake isinakiliwe. Picha zipigwe kwa ruhusa ya nahodha, na katika meli ya mafuta simu ya kawaida isitolewe sitahani kabisa. Majina ya wenzake waliokosea yaachwe nje. "Baharia wa zamu" yatosha.

Siku chache kabla ya kushuka, kadeti akae na karatasi zake zote mezani. Tarehe za kupanda na kushuka katika kitabu cha baharia, hati ya ushuhuda ya nahodha na kitabu cha mafunzo ziwe zile zile, bila kupishana hata siku moja. Hati ionyeshe jina la meli, bendera, tani, nguvu ya injini kwa kilowati, cheo alichoshika na miezi ya zamu, kwa saini na muhuri wa meli. Tani na kilowati si mapambo: cheti cha ofisa wa zamu wa sitaha hutazama mpaka wa tani 500, na cha injini mpaka wa kilowati 750. Namba ya IMO ya meli ina tarakimu saba, na inawezekana kuihakiki kwa kalamu. Zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, ujumlishe. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima ifanane na ya saba ya namba. Kwa 9074729 jumla ni 139, na tisa inakubaliana na tisa. Ikikataa, kuna mahali namba imeandikwa vibaya, na ni bora lijulikane nahodha akiwa bado melini kuliko akiwa Manila au Odesa.

Anayefikiria kuhesabiwa muda wa kazi katika meli za ziwani aulize kwanza. Mkataba wa STCW hauzihesabu meli za maji ya ndani pekee kuwa za baharini, hata kama kazi ya zamu katika Ziwa Victoria au Tanganyika ni ya kweli na ya hatari. Swali hilo liulizwe kwa maandishi, kwa mamlaka itakayotoa cheti, kabla ya kupanda, na jibu litunzwe. Vivyo hivyo kwa vitabu vya mafunzo vya kielektroniki: vingine vinakubaliwa na vingine havikubaliwi.

Kila ukurasa uliosainiwa upigwe picha na kutumwa kwa barua pepe ya kadeti mwenyewe na ya mtu mmoja wa nyumbani, kila meli inapofika penye mtandao. Kitabu kisafiri ndani ya mfuko usiopitisha maji, katika begi la mkononi, kamwe si katika sanduku linalopakiwa chini ya ndege. Akifika ofisini kukabidhi, aende na nakala mbili, aombe ile moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ahakikishe jina la aliyepokea linasomeka.